Kufunga filta ya koni kwenye Altezza RS200, kuanzia boksi la zamani mpaka gari irudi barabarani

Kila nikifungua boneti watu wananiuliza filta gani ya hewa nzuri, HKS au K&N au Apexi au ile ya Kariakoo isiyo na jina, na mimi jibu langu ni lile lile, filta yenyewe siyo kazi, kazi ni pale inapokaa na hewa inayovuta. Ukinunua filta ya bei mbaya ukaiacha wazi katikati ya joto la injini, umetoa hela ili gari iwe nzito kuliko ilivyotoka Japani. Lakini hata filta ya kawaida, ukiijengea ukuta, ukaipelekea hewa ya nje na ukaifunga isitikisike, utaikuta gari ina sauti nzuri na inavuta vizuri na utakaa nayo miaka. Kwaiyo humu sehemu kubwa nitaongelea kukinga na kufunga. Kubana koni kwenye paipu ni dakika tano tu.

Gari nayoizungumzia ni Altezza RS200, SXE10, ile ya injini ya 3S-GE silinda nne cc 1998 yenye VVT-i mbili, yani mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka. Ya gia za manyuo ilitoka na hosipawa 210 kwenye mizunguko 7600 kwa dakika. Kama unayo ile ya silinda sita, 1G-FE, kanuni zote ni hizi hizi ila vipimo vya paipu pima vya kwako usichukue vyangu.

Kwanza niseme ukweli mapema. Boksi la filta la kampuni kwenye hii gari siyo baya hata kidogo. Linavuta hewa ya mbele kupitia mdomo wake, limekaa kwenye raba, halipigi kelele na halipitishi vumbi. Injini hii ikiwa kwenye 7600 inameza karibu lita 7600 za hewa kwa dakika, yani kama lita 126 kila sekunde, na boksi la kampuni lilipigiwa hesabu hiyo. Kwaiyo usitegemee hosipawa 20 kwa kubadili filta peke yake. Unachopata ni mlio, yani ule mguno wa kuvuta hewa ukikanyaga juu ya mizunguko 6000 ambao mwenye Altezza akishausikia hawezi kuusahau, unapata na gari kuitika haraka kidogo, na nafasi chini ya boneti. Kama hivyo vinakutosha endelea.

Kwa nini joto ni adui namba moja

Hewa ikipanda joto inatanuka, inakuwa nyepesi, na kwa joto letu la huku kila nyuzi 3 zinazoongezeka unapoteza kama asilimia 1 ya uzito wa hewa. Sasa chukua Dar mchana, nje nyuzi 32, upo kwenye foleni Ubungo, chini ya boneti joto linafika nyuzi 60 na zaidi bila shida. Tofauti ya nyuzi 30 ni asilimia 9 ya hewa imekimbia. Kwenye karatasi ya injini ya hosipawa 210 hiyo ni karibu 19, na hakuna filta ya koni duniani itakayokurudishia 19 kwenye hii injini. Ndo maana nasema bila ukuta wa kukinga joto usianze kabisa, bora ubaki na boksi lako.

Sensa ya hewa, hapa ndo wengi wanaharibu

Kwenye boksi la kampuni kuna sensa ya hewa, mafundi wanaiita eaflo, imechomekwa na skrubu mbili na ina soketi ya waya tano. Ndani yake kuna kiwaya chembamba kinachopashwa moto, hewa ikipita inakipoza, kompyuta inapima umeme unaotumika kukirudisha kwenye joto lake na hapo inajua hewa kiasi gani imeingia na petroli kiasi gani imwage. Waya nyingine kwenye soketi hiyo hiyo ni za kupima joto la hewa.

Sasa sikiliza vizuri. Kompyuta haijui umebadilisha paipu. Inaamini sensa bado imekaa ndani ya tundu la kipenyo kile kile cha kiwandani. Ukiihamishia kwenye paipu pana zaidi, tuseme kutoka milimita 70 kwenda 76, eneo la tundu linaongezeka kwa asilimia 18, hewa inapita taratibu mbele ya kiwaya, kompyuta inaona hewa kidogo kuliko iliyoingia kweli na inapunguza petroli. Mchanganyiko unakuwa mkavu. Injini hii ya manyuo ina mgandamizo wa 11.5 kwa 1 na Wajapani waliitengenezea petroli yao ya oktani ya juu, kwaiyo ukiipa mchanganyiko mkavu ukiwa umekanyaga mpaka chini itaanza kugonga, yani petroli inajilipua yenyewe ndani ya silinda, na kugonga kunatoboa pistoni. Kwaiyo nyumba ya sensa lazima iwe na kipenyo cha ndani sawa na ya zamani. Pima kwa vernia, kile kipimo chenye taya, usipime kwa macho.

Njia mbili ninazoziamini, ya kwanza kununua adapta ya Toyota iliyotengenezwa kwa sensa hii, yenye tundu sawa na orijino. Ya pili kutafuta mfuniko wa boksi la filta uliotumika, kwenye maduka ya spea za kukatwa, halafu unakata ile sehemu ya bomba lenye sensa na kubaki nayo kama nyumba. Mimi naipenda ya pili kwasababu sensa inakaa pale pale ilipozoea. Ila usikate mfuniko wako wa gari, nunua mwingine, siku ukitaka kurudi kwenye boksi la kampuni utanishukuru.

Vya kuandaa

Spana na soketi namba 10 na 12, bisibisi ya nyota na bapa, vernia, klampu za hozi nne zile zenye bolti pana siyo za waya, hozi ya silikoni iliyonyooka yenye kipenyo cha paipu yako urefu kama sentimita 10, bati la alumini la milimita 1.5, flati bari ya chuma ya upana milimita 25 na unene 3, raba za mauntini (za kushikia kitu na kumeza mtikisiko) mbili au tatu zenye bolti M6 pande zote, drili, tupa, riveti, raba ya pembeni ya mlango wa gari kama mita moja na nusu, kadibodi, na donge la unga wa ngano uliokandwa kama wa chapati. Donge nitaeleza mbele, usicheke.

Filta chagua yenye mdomo unaolingana na nyumba ya sensa na koni yenye urefu wa sentimita 15 na kuendelea. Kuhusu ya pamba yenye mafuta au kavu, ukiwa na sensa ya kiwaya kama hii mimi nasema kavu. K&N wametengeneza filta za pamba yenye mafuta tangu 1969 na ni nzuri, shida ipo kwa anayeisafisha, anamwaga mafuta mengi kupita kiasi, yanavutwa, yanaganda kwenye kiwaya, sensa inaanza kudanganya. Ukienda na ya pamba basi mkono uwe mwepesi kwenye mafuta.

Kuvua boksi la zamani

Injini iwe ya baridi kabisa. Toa tamino ya hasi ya betri kwanza, hii pia itaifanya kompyuta isahau mazoea yake ya zamani na ijifunze upya baadae. Chomoa soketi ya sensa kwa kubonyeza kile kidole chake, usivute waya, plastiki za miaka 20 na zaidi zinakatika kama biskuti. Legeza klampu ya hozi kubwa inayoenda kwenye throto bodi, ule mlango wa hewa wa injini. Kisha angalia hozi ndogo ndogo zilizoungwa kwenye ile hozi kubwa, ikiwemo ya kupumulia injini inayotoka kwenye kifuniko cha valvu, piga picha kwa simu kabla hujagusa hata moja. Ukisharidhika na picha, fungua mfuniko, toa filta, fungua bolti namba 10 zinazoshika boksi na linyanyue kwa kulitikisa polepole maana limekaa kwenye raba.

Raba zile na vile vibweta vyake vya chuma usitupe, utavitumia. Mdomo unaoleta hewa ya mbele nao uache pale pale. Nimeona mafundi wanaung'oa eti kupata nafasi, sijui wanataka hewa itoke wapi.

Tundu la hozi kubwa ziba kwa kitambaa safi. Nati moja ikidondokea humo siku yako imeisha.

Ukiwa hapo toa sensa kwenye nyumba yake na uitazame kwenye mwanga. Kama kiwaya kina vumbi pulizia dawa maalumu ya kusafishia sensa ya hewa na iache ikauke yenyewe dakika kama 20. Usiguse kwa kidole wala pamba ya masikio.

Ukuta wa joto

Anza na kadibodi, siyo na bati. Kata vipande, pindisha, jaribu, kata tena, mpaka upate umbo linaloitenga pembe yote ya filta na injini, upande wa redieta pia maana feni nayo inasukuma hewa ya moto. Ukuta uwe na tundu moja la paipu na uwe wazi upande wa mdomo wa hewa ya mbele. Ukiridhika chora kwenye alumini na ukate. Kingo zote pitisha tupa halafu vika raba ya mlango, kwasababu bati lisilo na raba litakata waya, litakata hozi na siku moja litakukata wewe.

Juu ya ukuta raba iguse chini ya boneti boneti ikifungwa, hapo ndo chumba kinakuwa chumba. Na hapa ndo kazi ya donge la chapati. Weka vidonge juu ya filta, juu ya klampu na sehemu tatu nne za ukingo wa ukuta, tandaza nailoni juu yake usichafue boneti, funga boneti taratibu kisha fungua. Kidonge kilichobaki juu ya filta kinakuonyesha una nafasi kiasi gani. Nataka isipungue sentimita 2 kati ya filta na boneti, maana injini ikipanda kwenye mauntini zake ukikanyaga, na gari ikipiga shimo, vyote hivyo vinasogea. Kwenye ukingo wa raba kidonge kiwe kimebanwa kabisa.

Ukitaka kwenda mbali zaidi chukua hozi ya kukunja ya milimita 76 toka kwenye tundu la bampa mpaka ndani ya chumba. Ila filta yenyewe isishuke kwenye bampa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa watu wa Dar. Masika yakija na maji yakajaa Jangwani, filta iliyo chini inavuta maji kama mrija. Maji hayagandamiziki, pistoni ikikutana nayo inapinda konrodi, ule mkono unaoisukuma, na injini imekwisha hapo hapo ndani ya sekunde moja. Hozi ya kuleta hewa ikipata maji bado filta ipo juu na ina nafasi ya kupona, filta ikiwa chini haina.

Kufunga, na hapa usiwe na haraka

Nilijifunza hii sehemu kwa kuumia. Altezza yangu ya kwanza nilifungiwa filta kwenye gereji moja, wakaishikilia na tai za plastiki mbili kwenye bomba la maji, ikaonekana safi tu. Natoka Morogoro narudi Dar, jirani na Chalinze tai zimelegea kwa joto, zikakatika, filta na nyumba ya sensa vikaninginia kwenye waya na hozi, waya zikachunika zikagusana, gari ikazima ikiwa kwenye kona na lori lipo nyuma yangu. Nilipata pembeni kwa neema ya Mungu. Tangu siku hiyo tai ya plastiki nafungia waya tu, sifungii kitu chenye uzito.

Kanuni ni hii, bodi ya gari haitembei lakini injini inatembea. Ukikanyaga injini inajipinda kwenye mauntini, ukiachia inarudi. Sasa ukifunga filta kwa nguvu kwenye bodi na paipu kwa nguvu kwenye injini bila kitu laini katikati, lazima kimoja kipasuke, na mara nyingi ni nyumba ya sensa kwasababu ni plastiki. Kwaiyo filta na nyumba ya sensa vifungwe kwenye bodi, na kati ya nyumba ya sensa na throto bodi kuwe na sehemu laini. Hozi ya kampuni yenye mikunjo inafanya kazi hiyo vizuri, kama bado nzima itumie. Kama imepasuka kwenye mikunjo, na nyingi za umri huu zimepasuka ukizikunjua ukaangalia ndani, weka hozi mpya au paipu ya alumini yenye kipande cha silikoni kila upande.

Tengeneza bracketi kwa flati bari. Upande mmoja uende kwenye matundu ya zamani ya boksi kupitia raba za mauntini, upande wa pili ushike nyumba ya sensa au shingo ya filta kwa klampu pana. Sehemu mbili za kushikia ndo kiwango cha chini, moja peke yake itageuka bawaba. Bracketi isiwe na kona kali ya digrii 90 iliyopigwa nyundo bila nafasi, chuma kinachokunjwa hivyo kinachanika kwa mtikisiko, pinda kwa mviringo kidogo. Toboa, paka rangi, acha ikauke ndo ufunge.

Mpangilio kutoka mbele uwe filta, nyumba ya sensa, hozi laini, throto bodi. Mshale kwenye nyumba ya sensa uelekee injini. Ukiweza kupata sentimita 10 za paipu iliyonyooka kabla ya sensa utapata sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) tulivu zaidi, kwasababu hewa inayotoka kwenye koni inakuja inazunguka, na kiwaya kikipigwa na hewa ya kuzunguka kinasoma juu chini juu chini. Kona kali mara tu kabla ya sensa ni mwiko. Sensa yenyewe ikae imegeukia ule ule upande iliyokuwa imegeukia kwenye boksi.

Klampu zibane mpaka raba ianze kuvimba kidogo pembeni ya mkanda, basi, usiendelee. Watu wanabana mpaka plastiki inapasuka halafu wanashangaa gari inamisi. Bolti za M6 nazo ni za mkono, spana fupi, ukisikia imeshika acha.

Rudisha hozi ndogo zote kwa kufuata picha zako. Ile ya kupumulia injini irudi nyuma ya sensa, yani kati ya sensa na throto bodi. Usiiache wazi na usiiwekee kile kifilta kidogo cha urembo huku ukiacha tundu lake wazi kwenye hozi kubwa, hewa itakayoingia hapo haijapita kwenye sensa na kompyuta haiijui.

Waya za sensa zikifika bila kuvutwa, vizuri. Zisipofika ziongeze kwa kuchomelea risasi na kuvika mpira wa kusinyaa, usisokote na kuziba na selotepu. Waya tano, rangi kwa rangi, moja moja.

Kuwasha

Kabla ya kuwasha vuta filta kwa mkono, isukume, izungushe. Kama inacheza hujamaliza. Halafu zungusha mkono mzima kuzunguka chumba na uhakikishe hakuna waya inayogusa bati.

Rudisha betri, washa, usikanyage. Iache isimame kwenye sailensa dakika 10 mpaka feni iwake na kuzima, kompyuta inajifunza. Sailensa ikipanda na kushuka yenyewe kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Ili kuipata, hakikisha kwanza hakuna harufu ya petroli popote, washa kijiti cha udi na upitishe moshi taratibu kwenye kila kiungio kati ya sensa na injini. Pale moshi unapovutwa ndani ndo penye tundu. Njia hii nimepata nayo mpasuko ambao macho hayakuuona kabisa.

Kama una skana inayosoma gari hizi za Japani, injini ikiwa ya moto kwenye sailensa hewa isome kati ya gramu 2 na 4 kwa sekunde. Marekebisho ya petroli ya muda mrefu, baada ya kuendesha siku mbili tatu, yasizidi asilimia 10 juu au chini. Ikiwa inaongeza petroli 15 au 20 basi kipenyo cha nyumba ya sensa siyo sahihi au kuna hewa inaingia pembeni, na kodi ya hitilafu P0171, ya mchanganyiko mkavu, itafuata. Kodi P0100 ni soketi au waya za sensa.

Siku ya kwanza endesha kistaarabu. Kisha tafuta kipande cha barabara kilicho wazi, gia ya tatu, kanyaga taratibu kwenda juu huku redio imezimwa na vioo vimefunguliwa kidogo. Ukisikia mlio kama vikokoto ndani ya kopo achia mguu hapo hapo, hiyo ni injini inagonga, rudi nyumbani ukapime. Usijidanganye kwamba itazoea.

Baada ya kilomita 100 rudia klampu zote na bolti zote, raba mpya zinakaa na kulegea.

Kutunza

Kwa anayeishi mjini kwenye lami kagua filta kila kilomita 5000. Kwa anayeenda barabara za vumbi, Dodoma ndani ndani, Singida, Kilosa huko, kagua kila unaporudi safari, kwasababu vumbi lile lina chembe za mchanga na linasaga ringi na silinda kama msasa. Kipimo changu ni rahisi, fungua klampu ya nyuma ya filta, ingiza kidole kilichovikwa kitambaa cheupe na ufute ndani ya paipu. Kitambaa kikitoka na vumbi filta inapitisha au haijabana kwenye shingo, na safari ya vumbi inayofuata rudisha boksi la kampuni, ndo sababu nyingine sikutaka ulitupe.

Filta kavu gonga taratibu na pulizia upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, kamwe usipulizie kutoka nje kwenda ndani. Ya pamba ioshe kwa sabuni yake, maji yatoke ndani kwenda nje, ianike kivulini, siyo juani na siyo kwa kompresa. Mafuta weka mstari mmoja mwembamba kwenye kila mkunjo, subiri dakika 20, angalia palipobaki peupe ongeza tone, halafu iache ilale usiku kucha kabla hujairudisha kwenye gari.